Nyangumi Haji Watamu Kula

Kazi yangu kwenye boti ni daftari. Nahodha ana usukani, baharia ana kamba na nanga, wageni wana macho na simu zao, nami nina daftari la jalada gumu, penseli mbili (wino haufai, tone moja la maji ya chumvi hufuta kazi ya asubuhi nzima), saa ya mkononi na kamera ya lenzi ndefu. Nyangumi akitoka kuvuta pumzi, naandika saa na dakika. Akizama, naandika. Akitoka tena, naandika. Watu wakishangilia mimi nimeinama, na baadhi yao hunihurumia wakidhani mambo yananipita. Lakini dakika hizo ndizo zinazonionyesha kama tumemfikia mnyama kwa wema au kwa udhia.

Tuko Watamu, kaunti ya Kilifi, kusini kidogo ya Malindi. Kila mwaka upepo wa kusi ukishika, kuanzia Julai hadi Septemba, na miaka mingine hadi Oktoba, nyangumi wa nundu hupita nje ya miamba yetu. Si mbali. Bahari ikitulia, mtu aliyesimama ufukoni huweza kuona moshi wa pumzi zao kwa macho yake. Wavuvi wa hapa wamewajua tangu enzi za babu zao. Kipya ni boti zinazopeleka watu kuwaangalia, na nimeona niandike habari zake kwa sababu wengi wa pwani hii, seuze wa bara, hawajui kwamba zipo, na wanaojua husema hayo ni mambo ya wazungu. Nyangumi hawa ni wageni wa mlangoni kwetu. Inafaa tuwajue, na tujue adabu ya kuwapokea.

Kwanza tumjue mgeni mwenyewe. Nyangumi wa nundu aliyekomaa ana urefu wa mita 13 hadi 15 na uzito wa tani 25 hadi 30. Boti yetu ina futi 33. Yeye huipita kwa karibu futi kumi au zaidi. Mapezi yake ya mbavuni ni marefu mno, karibu theluthi ya mwili mzima, meupe kwa chini, na akiyainua nje ya maji mgeni asiyejua hudhani ameona tanga. Anaishi majini lakini si samaki: damu yake ina joto, anavuta hewa kwa mapafu, anazaa na kunyonyesha. Meno hana. Mdomoni, kila upande wa taya la juu, zimening'inia mamia ya sahani nyembamba zenye nyuzi, na kwa hizo huchuja chakula: anajaza kinywa maji, anayasukuma nje kwa ulimi, kinachobaki anameza. Na kinachobaki ni uduvi.

Mnyama mkubwa kiasi hicho, maisha yake yamo kwenye uduvi, na uduvi wenyewe hauko kwetu. Uko kusini kabisa, kwenye maji ya barafu yanayolizunguka bara la Antaktika. Huko, majira ya joto ya kusini, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 3 hivi, nyangumi mmoja hula tani nzima ya uduvi kwa siku, hata zaidi, mpaka shahamu inamjaa chini ya ngozi. Baridi ikianza huko, wanaondoka. Kundi letu hupanda na pwani ya Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, hadi Kenya. Anayefika Watamu amekwisha kuogelea kilomita zipatazo 6,000, na njia yote hiyo karibu hali kitu. Anakuja kupandana, kuzaa na kulea kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu ndama huzaliwa hana shahamu ya kutosha kukabili barafu. Mimba huchukua miezi 11 hadi 12, kwa hiyo jike anayepandwa huku mwaka huu hurudi mwakani kuzaa. Ndama huzaliwa na urefu wa mita nne hivi na uzito unaokaribia tani moja, na kuanzia siku hiyo ananyonya maziwa mazito kama tui la kwanza la nazi, ambayo kati ya theluthi na nusu yake ni mafuta matupu.

Maziwa hayo yanatoka wapi, ikiwa mama hali? Yanatoka mgongoni na mbavuni mwake. Yanatoka kwenye shahamu aliyoiweka miezi mingi kabla, umbali wa kilomita 6,000 kutoka hapa. Kwenye akiba hiyo hiyo anatoa nguvu za kuogelea, za kumlinda mtoto na papa na za safari ya kurudi. Akikimbia boti, ametumia akiba. Akilazimika kuzama ghafla kabla hajamaliza kupumua, ametumia akiba. Na hawezi kuiongeza mpaka arudi kwenye barafu. Mtu akiniuliza sheria zote za kuangalia nyangumi zimetoka wapi, jibu langu huwa ni hilo.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Agosti, siku za maji mafu. Siku za bamvua, maji yakipwa, mwamba hutoka nje na mlango wa kupitia hubana. Maji mafu hayapungui sana, mtu anaweza kutoka alfajiri na kurudi mchana bila kuhofia chombo kukwama. Tena tunatoka mapema kwa sababu ya upepo. Kusi hulala usiku, likaamka saa tatu au nne, na likishaamka bahari inavaa mapovu meupe kila mahali, basi pumzi ya nyangumi huwezi kuitofautisha na wimbi lililovunjika.

Abiria walikuwa mke na mume kutoka Nairobi na watoto wao wawili, Wataliano wawili wazee waliohamia Malindi siku nyingi, mwalimu wa sekondari aliyekuja likizo, na mama mzazi wa baharia wetu. Huyu mama anatoka Gede, ambako kutoka kwake hadi baharini ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na maisha yake yote alikuwa hajavuka mwamba. Sisi vijana tunamwita Hawe, yaani bibi, kwa Kigiriama. Alikuja na leso mbili, moja ya kujitanda na moja ya kujifunga kichwa, na kipande cha tangawizi mbichi alichokitafuna tangu pwani hadi tuliporudi. Katika watu wote yeye peke yake hakutapika wala hakukaribia. Kwa anayetaka kujua: kula kidogo kabla ya kutoka, chai na mkate mkavu, mahamri na mbaazi za nazi zisubiri hadi urudi. Ukiwa chomboni kaa tezini, nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, na utazame upeo wa bahari, usitazame simu.

Nahodha wetu tunamwita Ami. Amekuwa baharini tangu utoto, kwanza kwenye ngalawa ya babake, kisha kwenye boti za kuvua nduaro, sasa hizi. Alihakikisha kila mtu amevaa jaketi la kuokolea na limefungwa, akapiga bismillahi, tukatoka. Ndani ya mwamba ni Hifadhi ya Bahari ya Watamu, ambayo pamoja na ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Maji humo ni ya kijani na yametulia. Halafu unafika mlangoni. Kushoto wimbi linavunjika juu ya mwamba, kulia linavunjika, na katikati kuna njia. Ami alisimamisha boti akahesabu mawimbi. Makubwa huja kwa mafungu. Alingoja fungu lipite, akasukuma mashine, na kwa muda mfupi tukawa nje, kwenye mawimbi marefu ya kusi, maji yamegeuka buluu ya giza. Hawe alishika mkono wa mwanawe, akasema kitu kwa Kigiriama ambacho baharia alikataa kututafsiria.

Kutafuta nyangumi ni kazi ya kungoja. Tunagawana bahari: mimi kulia, baharia kushoto, Ami mbele, na wageni tunawapangia kila mmoja upande wake, kwa sababu macho yote yakielekea mahali pamoja robo tatu ya bahari inabaki bila mtu. Tulipita kundi la pomboo waliocheza omo, mbele ya boti, kwa muda. Tuliona ndege wakirukia kitu, wakawa ni jodari. Binti wa Nairobi, wa miaka tisa hivi, aliniuliza kama nyangumi anaweza kummeza mtu. Nilimwambia huyu wa nundu kinywa chake mtu anaingia, koo lake ni jembamba, haingii. Akauliza na yule wa Nabii Yunus je? Mwalimu akadakia kwamba bahari ina nyangumi wa aina nyingi. Ni kweli. Hata ambari iliyoisifisha pwani hii, ambayo al-Masudi wa Baghdad aliandika habari zake katika karne ya 10, haitoki kwa huyu wa nundu. Hutoka kwenye matumbo ya nyangumi mwingine, mwenye meno, anayekaa kilindini.

"Moshi!" alisema Ami, bila kupaza sauti. "Omo, kulia kidogo."

Nyangumi wa nundu ana matundu mawili ya pua juu ya kichwa, na akitoa pumzi hewa hutoka kwa nguvu pamoja na matone ya maji, likasimama wingu jeupe la mita tatu hivi, pana kwa juu, halafu upepo ukalibeba. Tuliliona moja. Sekunde chache baadaye, kando yake, la pili, dogo, chini sana. Ndama.

Hapo ndipo boti nzuri na mbaya zinapoachana njia, na naomba msomaji anivumilie, kwa maana hili nataka lieleweke. Ami hakuelekeza omo kwao. Alipunguza mwendo tukiwa bado mita 300 na zaidi, akazunguka kwa mbali mpaka tukawa ubavuni mwao, nyuma kidogo, tukielekea wanakoelekea. Usimjie nyangumi kwa mbele, unamkatia njia. Usimjie kwa nyuma moja kwa moja, unamfukuza. Usiingie kabisa kati ya mama na mtoto. Miongozo mingi duniani inasema usikaribie chini ya mita 100. Akija yeye mwenyewe, hiyo ni hiari yake, wewe tulia. Ami alitoa giya, mashine ikabaki inanguruma kwa chini bila kusukuma chombo, ili mama atusikie tulipo asije akashtuka. Tukangoja.

Nanukuu daftari. Saa 2:14, ndama na mama. Saa 2:17, ndama peke yake. Saa 2:20, ndama peke yake. Saa 2:23, ndama na mama, pumzi tatu. Saa 2:26, ndama peke yake. Kwa asiyezoea hizo ni namba tu, kwangu ni habari njema kuliko kuruka kokote. Mapafu ya mtoto ni madogo, lazima aje juu kila dakika tatu au nne. Mama anaweza kukaa chini dakika kumi na zaidi. Kwa hiyo mama amelala, ametulia mita kadhaa chini ya uso wa bahari, na mtoto anapanda, anavuta pumzi, anarudi chini ya tumbo lake kunyonya. Mama hajabadilisha chochote kwa sababu yetu. Tumepokelewa.

Tulikaa hivyo. Mara moja mtoto alipanda akazunguka duara juu ya mahali mama alipo, tukauona mgongo wake wote, kijivu cha kung'aa, na pezi dogo lililolala kwa kujikunja. Wataliano walikuwa wakilia, wote wawili, bila kuficha. Hawe alisogea karibu na mimi.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, Hawe."

"Na mamake anakula nini?"

"Hali. Tangu alipotoka kwao, miezi sasa. Uduvi wake hauko huku."

Alinyamaza, kisha akamwonyesha baharia kwa kidevu. "Huyu nilimnyonyesha mwaka wa njaa. Najua yanavyokwisha. Mwambie nahodha tusimkawize."

Saa 2:35 ilikuja boti nyingine kutoka upande wa kusini, mwendo mkali, omo imewaelekea moja kwa moja. Sitaitaja. Ami alichukua redio: "Kaka, punguza, ana mtoto. Punguza." Nadhani upepo na mashine vilimziba masikio nahodha wao, maana alikuja hadi kiasi cha mita 40 ndipo akakata. Daftari linaendelea: 2:36, mama na ndama pamoja. 2:38, pamoja. 2:40, pamoja, mwendo wa kuelekea mashariki. 2:42, pamoja, mbali. Mama ameamka. Hakupiga mkia wala hakufanya ukali wowote ambao abiria wa boti ile wangeuona. Kwao ilikuwa bahati, nyangumi wawili wakitoka kila mara, picha nzuri. Kumbe kule kutoka kila mara ndiko mashaka yenyewe. Mtoto alikuwa akinyonya, sasa anakimbizwa kilindini ubavuni mwa mama yake. Maziwa ya nusu saa ile yamekatika, na shahamu ya mama imetumika bure.

Ami aligeuza boti tukaondoka upande wa pili. Baba wa Nairobi alilalamika, tena kwa haki yake, kwamba wamelipa na nyangumi bado wanaonekana. Ami alimjibu kwa upole: "Ndugu yangu, tukiwafuata sasa tunakuwa boti mbili juu ya mzazi mmoja. Bahari ni kubwa, tutapata wengine." Najua manahodha wasioweza kusema maneno hayo, si kwa roho mbaya, ila kwa sababu mgeni akikasirika hatoi bakshishi, na msimu ni miezi mitatu. Ndiyo maana nawaomba wasomaji, mkipanda boti, mwambieni nahodha kabla hamjatoka kwamba hamtaki awasogeze karibu. Neno hilo likitoka kwa mteja linampa nguvu ambayo hakuna bango la serikali linaloweza kumpa. Mfano ni Kizimkazi, Zanzibar, ambako wavuvi waliwahi kuwawinda pomboo kwa ajili ya chambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupeleka watalii, ikawa ni uhai kwa pomboo na kipato kwa kijiji. Lakini boti zikazidi, watu wakawa wanarukia pomboo majini, na watafiti wakaonyesha kwamba majike, hasa wenye watoto, wanabadili tabia na kupumzika kidogo kuliko wanavyohitaji. Watamu bado tuna nafasi ya kujifunza kwa jirani.

Tulikwenda kaskazini kama nusu saa. Mahali ambapo hapakuonekana kitu, Ami alizima mashine zote, nami nikashusha maikrofoni ya majini kwa waya wa mita kumi, nikaiunganisha na spika ndogo. Kwanza ni mikwaruzo ya mwamba kwa mbali. Kisha sauti ikaja: mlio mrefu wa chini unaopanda, ukakatika, ikafuata migumio mifupi, halafu ule mrefu tena. Watoto wa Nairobi waliacha kula biskuti. Huyo ni dume. Madume ndio wanaoimba, na wimbo una mpangilio: vipande vinavyorudiwa kwa zamu, vikaunda mafungu, mafungu yakaunda wimbo wa dakika kumi, kumi na tano, ishirini, kisha wanaanza upya, na dume mmoja anaweza kuendelea kwa saa nyingi. Madume wa kundi moja huimba wimbo mmoja, na wimbo hubadilika kidogo kidogo msimu hadi msimu, wote wakiufuata. Mwaka 1970 Mmarekani Roger Payne alitoa santuri ya sauti hizi, watu wa mijini ambao hawakuwahi kuona nyangumi wakazisikia sebuleni mwao, na santuri ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha harakati za kuwatetea.

Mwalimu alisikia kitu kingine nyuma ya wimbo, mngurumo usiokoma, akauliza ni nini. Ni meli. Hatukuiona popote, huenda ilikuwa njia ya Mombasa, makumi ya kilomita kutoka hapo. Majini sauti husafiri mbali na kwa kasi kuliko hewani, na mwaka 2024 watafiti waliochunguza koromeo za nyangumi wa jamii hii walieleza kwamba sauti zao ziko kwenye kiwango kile kile cha kelele za meli, wala hawana namna ya kupanda juu yake. Tulisikiliza kwa muda. Wimbo haukukoma, na mngurumo nao haukukoma.

Mwimbaji mwenyewe alitoka saa 4:05, mita 200 upande wa kushoto, akapumua mara nne, akakunja mgongo na kuinua mkia wote nje ya maji. Picha hiyo ndiyo ninayoingojea. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi wa nundu una mabaka meupe na meusi, makovu na kingo zenye pengo, na hakuna mikia miwili inayofanana. Nilipiga picha sita kabla haujazama. Kwetu picha na kurasa za daftari huenda kwa Watamu Marine Association, ambao wamekusanya kumbukumbu za pomboo na nyangumi wa hapa kwa miaka, na picha za mikia duniani kote hulinganishwa kwenye Happywhale, tovuti ambako mtu yeyote anaweza kutuma picha aliyopiga, hata mtalii, hata mvuvi mwenye simu.

Ni kwa njia hiyo lilijulikana jambo ambalo bado linanisisimua. Dume mmoja alipigwa picha Kolombia, upande wa bahari ya Pasifiki, mwaka 2013, na tena huko huko mwaka 2017. Agosti 2022 akapigwa picha kwenye mlango wa bahari wa Zanzibar. Kwa kipimo cha njia fupi kabisa ni kilomita 13,046, safari ndefu kuliko yoyote iliyokuwa imethibitishwa kabla yake kwa nyangumi wa nundu. Alichokuwa akikifuata hakijulikani. Pengine jike, pengine chakula kilichohama. Lakini iliyomtambulisha ni picha ya mkia tu. Nilipowaeleza watoto, yule binti aliomba kuona picha zangu sita, akaniuliza huyu wa leo anaitwa nani. Nikamwambia hana jina bado.

Kwamba yupo wa kupigwa picha ni jambo la kushukuru. Kituo cha Durban kilifungua kazi ya kuwinda nyangumi mwaka 1908 na hakikufungwa mpaka 1975, na nyangumi waliokuwa wakipanda kuja huku walipita mbele yake. Katika karne ya 20 nyangumi wa nundu zaidi ya laki mbili waliuawa nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1963 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikataza kuwinda aina hii kusini kote, lakini meli za Umoja wa Kisovieti ziliendelea kwa siri: kati ya 1947 na 1973 zilitangaza kuua 2,710, na baadaye kumbukumbu zao wenyewe zikaonyesha zaidi ya 48,000. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa, tume hiyo iliifanya Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi. Tangu hapo wameongezeka, na wazee wa Watamu wanasema siku hizi wanawaona wengi kuliko walipokuwa vijana.

Tulirudi saa sita kasoro, kusi limekwisha kuamka. Ufukoni, chini ya mwarobaini, wavuvi wawili walikuwa wakishona jarife. Msomaji wa bara ajue jarife ni wavu wa matundu makubwa unaotegwa usiku kucha kwa papa na taa. Nyangumi hauoni gizani. Akiuingia, anaondoka nao, na kamba huweza kumkaa mkiani miezi, ikimkata na kumchosha. Ukimkuta nyangumi namna hiyo, usiruke majini na usikate kamba inayoelea nyuma yake, kwa sababu waokoaji wenye mafunzo huhitaji kamba hiyo kumshikia. Kaa mbali, mwangalie anakoelekea, uwapigie Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na uwape mahali mlipo.

Mmoja wa wavuvi aliniita. "Mwanangu, hiyo daftari yako ya nyangumi. Jarife langu lililoondoka naye mwaka juzi umeliandika?"

Nilimfungulia kurasa za nyuma. Limo, pamoja na mengine, tarehe na mahali. Alilitazama kwa muda.

"Sawa. Na nani atalilipa?"

Ni swali la haki. Jarife moja ni mtaji wa nyumba nzima, na mvuvi aliyepoteza mtaji hawezi kuombwa ampende aliyeondoka nao. Mimi naona jibu liko kwenye tiketi zetu wenyewe. Sisi wa boti tunakula kwa nyangumi, mvuvi anakula hasara kwa nyangumi huyo huyo, hivyo kila mgeni anayepanda atoe kidogo kwenye mfuko wa kununua nyavu zilizopotea, na anayetoa taarifa mapema alipwe mbele ya wengine. Ami, aliyekuwa akifunga boti, alisema wazo ni jema na akapendekeza shilingi hamsini kwa kila abiria. Mvuvi akasema mia. Ami akasema mia itawakimbiza wageni wa ndani. Hawe, ambaye alikuwa amekaa kwenye mchanga akingoja mwanawe amalize kazi, akauliza boti ya leo ilibeba wageni wangapi, akahesabu kwa vidole, akawaambia kwa hamsini jarife haliwezi kununuliwa hata msimu ukiisha. Walibishana hadi adhana ya adhuhuri. Manahodha na wavuvi wamekubaliana kukaa kikao kabla ya kusi lijalo. Mimi nitakwenda na daftari, na niko upande wa mia.